Dawa ya kaboni: tazama kwanza aina ya injini

Kabla ya kumimina dawa ya kuondoa kaboni kwenye tangi la petroli, fahamu jinsi injini yako inavyopokea mafuta. Ikiwa nozeli hupuliza petroli nyuma ya valvu za kuingizia hewa, dawa yenye polietheramini (kemikali ya kusafisha) huzifikia valvu hizo na kulainisha masizi yaliyogandamana. Lakini katika injini kama D-4 ya Toyota, ambayo nozeli zake hupuliza moja kwa moja ndani ya silinda, petroli haizigusi valvu hizo, kwa hiyo dawa itasaidia nozeli na vichwa vya pistoni tu, nazo valvu zitahitaji fundi wa kuzisafisha kwa mkono. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Mimi huitumia muda mfupi kabla ya kubadilisha oili, kwa kuwa sehemu ya dawa huvuja hadi kwenye oili.