Jinsi ya kufuatilia muswada unaogusa rejista ya makosa ya ngono California

Hii nawaandikia ndugu zetu walioko Marekani ambao wenyewe wako kwenye rejista ya makosa ya ngono (orodha ya serikali ya waliohukumiwa kwa makosa hayo), au mume, kaka, mtoto wao yuko humo, na pia waliotendewa makosa hayo manake na wao wana haki ya kujua kinachobadilishwa. Wengi wanaamini kesi ikiisha imeisha, sheria mpya itawahusu wengine huko mbele. Sivyo jamani. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi iliyotoka Alaska, ilisema kusajiliwa si adhabu bali ni utaratibu wa kiraia, kwahiyo jimbo linaweza kutunga sheria leo ikamfikia mtu aliyehukumiwa zamani sana. Na hakuna ofisi itakayokupigia simu kukwambia kuna muswada uko njiani, lazima uufuate mwenyewe.

Nachukua California. Ingia leginfo.legislature.ca.gov, bonyeza "Bill Information", halafu kwenye kisanduku cha maneno andika sex offender registration, kwa Kiingereza hivohivo. Ukimaliza tafuta tena kwa namba 290, hicho ndo kifungu cha Penal Code (sheria ya makosa ya jinai ya jimbo) kinachobeba rejista yote na miswada mingi inakigusa hata kama kichwa chake kinasema kitu kingine kabisa. Angalia umechagua kikao sahihi, kimoja kinakwenda miaka miwili, mfano 2025-2026, na muswada uliokwama mwaka wa kwanza unaweza kuamshwa wa pili. Bunge la California lina pande mbili: inayoanza na SB imetoka Seneti, AB imetoka Assembly.

Ukipata unaoutaka fungua akaunti, ni bure, kisha bonyeza "Track Bill" na utakuwa unaletewa imeili ukisogea. Tumia imeili unayoifungua kila siku, sio ile ya zamani iliyojaa matangazo.

Sasa usome wenyewe, usisome kichwa cha habari cha mtandaoni ukaanza kulia au kushangilia. Maneno yanayoongezwa yako kwa rangi ya bluu yamelala, yanayofutwa ni mekundu yamepigwa mstari. Kuna tabo inaitwa "Today's Law As Amended", hiyo inakuonyesha sheria ya leo itakavyokuwa muswada ukipita. Halafu fungua "Bill Analysis", hapo wafanyakazi wa kamati wanaeleza kwa lugha ya kawaida kidogo muswada unafanya nini, nani anaunga mkono na nani anapinga, mimi ningeanza na hiyo kabla ya kitu chochote kama Kiingereza cha kisheria kinakusumbua.

Kwa kawaida muswada haujadiliwi kwenye kamati mpaka siku 30 zipite tangu uingizwe, huo ndo muda wako wa kujipanga. Hii ya rejista kawaida inapita kamati ya Public Safety (usalama wa umma), kwanza ya upande ulikoanzia, baadae ya upande wa pili. Ukitaka kutoa maoni, barua inatumwa kwa njia ya mtandao kupitia mfumo wa bunge, na kila kamati ina siku yake ya mwisho kwahiyo cheki ukurasa wa kamati mapema. Andika fupi: namba ya muswada, unaunga au unapinga, na unavyokugusa. Lakini barua hiyo inakuwa ya umma, mtu yeyote anaweza kuiona, kwahiyo usiandike jina la mtoto, anwani ya nyumbani wala habari za aliyetendewa. Na kama uko chini ya probesheni au paroli ongea na afisa wako kabla ya kufunga safari kwenda Sacramento, bunge liliko.

Hapa sasa ndo watu wanapotea. Muswada wenye gharama kwa serikali unapelekwa kamati ya Appropriations na unaweza kuwekwa kwenye kinachoitwa "suspense file", unakaa humo mpaka siku moja wanasoma orodha haraka haraka, huu unapita huu unabaki. Mwaka 2017 Seneta Scott Wiener alikuwa na SB 421, wa kuondoa usajili wa maisha kwa kila mtu na kuweka madaraja matatu. Ukakwama humo humo. Aliyekuwa anafuata namba hiyo peke yake aliona umekufa akaenda kulala. Kumbe mwezi Septemba mambo yale yaliingizwa kwenye muswada mwingine wa Wiener, SB 384, ambao mwanzo ulikuwa unahusu saa za kuuza pombe, maneno ya pombe yakatolewa yakawekwa ya rejista, ukapita, na Oktoba Gavana Jerry Brown akasaini. Kwahiyo fuata namba, sawa, ila kila wiki tafuta upya kwa yale maneno na ile 290, hasa Agosti na Septemba kikao kinapoelekea kufungwa. Kinachokusaidia ni kwamba tangu 2016 katiba ya jimbo inataka maneno ya mwisho ya muswada yawe mtandaoni saa 72 kabla ya kura.

Ukipita pande zote mbili unakwenda kwa gavana. Ana siku 12, au 30 kwa ile inayofika mwisho wa kikao, na asiposaini wala kukataa inakuwa sheria vilevile. Ila kusainiwa sio kuanza kazi. Nyingi zinaanza Januari 1 inayofuata, za dharura zinaanza palepale, na nyingine zina tarehe yake ndani. SB 384 ilisainiwa 2017 lakini madaraja yalianza Januari 1, 2021, na maombi ya kutolewa kwenye rejista yakafunguliwa Julai 1 mwaka huohuo, daraja la kwanza baada ya angalau miaka 10, la pili 20, la tatu ni kujisajili maisha. Mpaka tarehe ifike sheria ya zamani ndo inakubana, endelea kujisajili kila mwaka ndani ya siku tano za kazi za birthday yako, manake kukosa ni kosa jipya.

Walioko Texas, bunge lenu linakaa siku 140 tu kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, Januari ikiingia uwe tayari, tovuti yao nayo inatuma alati za bure. Minnesota wana huduma inaitwa MyBills. Na tovuti ya LegiScan inakuchukulia miswada ya majimbo yote 50, inamfaa anayefikiria kuhama, sababu ukihama unaingia kwenye sheria za jimbo jipya.