Linda Mtoa Habari Wako: Mambo ya Kufanya na Simu Kabla ya Kuonana

Dola inayopeleleza raia wake mara nyingi haina haja ya kusikia mlichozungumza. Inatosha ijue ulimpigia nani, saa ngapi, na mlikuwa karibu na mnara upi.

Kwanza, bonyeza *#06#. Tarakimu 15 zinazotokea ni IMEI, kitambulisho cha simu yenyewe, si cha laini. Mtandao hurekodi vyote viwili. Kwa hivyo ukitia laini mpya kwenye simu ya zamani hujajificha: laini ni ngeni, simu ni ileile.

Pili, mwendo. Hapa ndipo wengi hunaswa. Ukivuka feri ya Likoni hadi Mwembe Tayari na simu zako mbili, ya kawaida na ya siri, zikiwa zimewashwa, zitahama mnara kwa mnara pamoja, dakika zilezile. Mwenye kusoma rekodi hizo atajua mwenyewe ni mmoja. Unapokwenda kuonana na mtu, iache simu nyumbani, imewashwa, kama siku zote. Kuizima njiani ni kosa: simu yako na ya mtoa habari zikizimika Kongowea saa tisa, zikawaka saa kumi, zimeshawasema. Wekeni miadi mapema, na mtoa habari naye aiache yake.

Tatu, tia kufuli akaunti zako za ujumbe. Msimbo wa SMS unaofungua akaunti kwenye kifaa kipya hupitia kampuni ya simu, na chini ya utawala wa mabavu kampuni haina ubavu wa kukataa amri. Urusi, Aprili 2016, wanaharakati wawili waliingiliwa Telegram usiku; huduma yao ya SMS ilizimwa kwanza. Kwenye WhatsApp nenda Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, uweke PIN ya tarakimu 6. Kwenye Signal washa kufuli la usajili. Kagua pia vifaa vilivyounganishwa. Kompyuta usiyoitambua, iondoe hapo hapo.

Nne, programu za kijasusi. Pegasus ya kampuni ya NSO, Israeli, huweza kuingia bila wewe kubofya chochote. Mwenye iPhone ya iOS 16 au zaidi awashe Lockdown Mode, hali ya ulinzi mkali. Baadhi ya viambatisho havitafunguka, vumilia. Kuzima na kuwasha simu kila siku husaidia, ila hakuzuii kuambukizwa tena.

Ukikaribia kizuizi cha polisi au uwanja wa ndege, zima simu kabisa; kufunga kioo hakutoshi. Ikiwaka upya, alama ya kidole haifanyi kazi mpaka namba ya siri iingizwe.