Jinsi ya kugawa gharama za njia kuu ya umeme: mfano wa Lindi na Mtwara

Mwongozo huu ni wa maofisa mipango wa halmashauri, wahandisi wa viwanda na wawakilishi wa watumiaji wanaoitwa kwenye mkutano wa taftishi (kikao cha wazi cha kusikiliza wadau) wa EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kutoa maoni. Shikeni jambo moja tangu mwanzo: kanuni ya kugawa gharama ikubaliwe kabla mnara wa kwanza haujasimama. Baada ya hapo kila mnufaika atasema faida yake ni ndogo, na hapatakuwa na wa kumbana.

Hatua ya 1: Andika hali ilivyo bila njia ya kuunganisha kusini na gridi

Lindi na Mtwara zimekaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, zikitegemea mitambo ya Mtwara inayochoma gesi ya Mnazi Bay. Mfumo mdogo hivyo hubeba mzigo usioonekana kwenye bili: lazima uwe na akiba ya kuziba pengo la mtambo mkubwa kuliko yote unapozimika. Orodhesha uwezo halisi wa kila mtambo (si ule ulioandikwa kwenye kibao chake), mahitaji ya juu ya kila mwezi na saa za kukatika. Usitumie wastani wa mwaka. Msimu wa korosho ukianza, viwanda vya kubangua hupandisha mahitaji, na wastani hufuta kilele hicho.

Kosa linalojirudia ni kuhesabu mitambo ambayo bado haina fedha kana kwamba ipo tayari. Faida ya njia huonekana ndogo, na mradi hufa mezani.

Hatua ya 2: Tengeneza hali 3 (picha 3 za jinsi mambo yanavyoweza kwenda) za miaka 20

Kipimo hiki kinatumika Marekani: amri namba 1920 ya FERC, tume ya shirikisho inayodhibiti nishati, ya Mei 2024, inataka mpango wa kikanda wa angalau miaka 20, wenye hali zisizopungua 3 na kurudiwa kila miaka 5. Kwa kusini, hali ya kwanza iwe ukuaji wa kawaida; ya pili, migodi ya kinywe (grafiti) ya Ruangwa ikifanya kazi; ya tatu, kiwanda cha kusindika gesi kuwa kimiminika kikijengwa Likong'o, mkoani Lindi. Hii ya tatu ina mtego: kiwanda kikubwa chenye gesi mlangoni kinaweza kujizalishia umeme wote. Omba jibu la maandishi kama kitanunua kwenye gridi, maana mahesabu yote yanageukia hapo.

Hatua ya 3: Kusanya gharama nzima

Minara na waya ni sehemu tu. Ongeza vituo vya kupoza umeme, transfoma, mawasiliano, na fidia ya mkuza (ukanda wa ardhi unaopitiwa na njia). Kusini mkuza hupita kwenye mikorosho, kwa hiyo hesabu miti shamba kwa shamba. Fidia ikichelewa huzaa riba.

Kinachosahaulika zaidi ni reakta, kifaa cha kufyonza umeme tendanishi (unaopimwa kwa MVAr) ambao njia yenyewe huuzalisha. Njia ya kilovoti 220 huzalisha takribani MVAr 0.13 hadi 0.14 kwa kilomita, kwa hiyo kilomita 200 hutoa karibu MVAr 27. Njia ndefu kama Songea–Tunduru–Masasi, ikiwa na mzigo mdogo usiku, hupandisha msongo (volteji) upande wa mwisho hadi vifaa kuungua au njia kuzimwa. Bajeti isiyo na reakta haijakamilika, hata kama imepigwa mhuri.

Hatua ya 4: Pima faida na gawa

Faida za kupima ni mafuta na gesi iliyookolewa, upotevu wa umeme uliopungua, akiba ya pamoja, saa za kukatika zilizoepukwa, na mitambo iliyoahirishwa. Usihesabu kitu mara mbili: ukishaweka mtambo ulioahirishwa, usiweke tena gharama ya ujenzi wake ndani ya bei ya uniti.

Chukua mfano wa kufanyia mazoezi (tarakimu ni za kubuni). Njia ni shilingi bilioni 300, miaka 40, riba asilimia 10. Kizidishi cha mwaka (sehemu ya mtaji inayolipwa kila mwaka pamoja na riba) ni 0.1023, yaani bilioni 30.7. Matengenezo kwa asilimia 1.5 ni bilioni 4.5. Jumla ni bilioni 35.2 kwa mwaka.

Faida kwa mwaka: watumiaji wa Lindi na Mtwara bilioni 30, watumiaji wa gridi nzima 18, mgodi 12. Jumla ni 60. Gawa 60 kwa 35.2, upate uwiano wa faida kwa gharama wa 1.7. Amri namba 1000 ya FERC ya mwaka 2011 hairuhusu kizingiti cha uwiano huu kuzidi 1.25, ili miradi mizuri isikataliwe kwa ukali wa kipimo. Njia yetu inapita.

Mgao ni asilimia 50, 30 na 20: bilioni 17.6, 10.56 na 7.04. Mgodi wa megawati 20 unaotumia asilimia 70 ya uwezo huo hula uniti milioni 122.6 kwa mwaka, kwa hiyo sehemu yake ni kama shilingi 57 kwa uniti. Rudia hesabu kwa kila hali. Mgao ukiyumba sana kati ya hali na hali, andika fungu la kurekebisha kila miaka 5.

Hatua ya 5: Angalia nani atalipa kweli

Bei za umeme wa TANESCO ni za nchi nzima. Mteja wa T1 (kundi la matumizi ya kawaida) wa Newala hulipa sawa na wa Arusha, hivyo ile asilimia 50 ya kusini haitaonekana kwenye bili yake. Na ni haki: kusini nayo imechangia njia za mikoa mingine kwa miaka mingi kabla ya kuunganishwa. Penye mvutano wa kweli ni mteja mkubwa anayejengewa tawi lake. Tawi linalomhudumia peke yake alilipe yote. Njia ya pamoja alipe kwa sehemu yake, na mkataba useme nini kitatokea akifunga kazi mwaka wa 8 ilhali mkopo ni wa miaka 20. Dai dhamana ya benki. Ahadi ya barua haitoshi.

Ikiwa njia itavuka Ruvuma kwenda Msumbiji, upande wa pili una mdhibiti wake, na EWURA haiwezi kumwamuru. Hapo kanuni ya mgao iingie kwenye mkataba wa nchi mbili, pamoja na mahali mita ilipo na nani anabeba upotevu wa katikati.

Hatua ya 6: Wasilisha

Peleka maoni kwa maandishi kabla ya siku ya taftishi, jedwali la hesabu likiwa wazi ili wataalamu wa mdhibiti wabadilishe riba na mahitaji wenyewe. Nakala ipelekwe EWURA CCC, baraza la ushauri la watumiaji. Omba uamuzi utaje kanuni ya mgao kwa jina na tarehe ya kuipitia upya.