Kuchagua bunduki ya gumegume kwa msimu wa kulungu Pennsylvania: anza na cheche

Kila mwaka, Krismasi ikishapita tu, jimbo la Pennsylvania, Marekani, hufungua msimu wa kulungu ambao bunduki yake ni ya aina moja: ya gumegume. Siyo ya fataki (kile kikofia cha mlipuko kinachogongwa na nyundo), siyo ya risasi za maganda. Ni ile unayomimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia gololi kwa mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, na moto unatoka kwenye jiwe linalogonga chuma. Msimu wa namna hii ulianzishwa mwaka 1974. Hufunguliwa tarehe 26 Desemba na kwenda hadi katikati ya Januari, theluji ikiwa chini na kulungu wakiwa wameshasikia milio ya bunduki za kisasa kwa wiki kadhaa.

Babu yangu kule Sikonge, Tanzania, alikuwa na gobore la fataki. Nilipohamia Lancaster, hapa Pennsylvania, na kuiona kwa mara ya kwanza ile bunduki ndefu ya mafundi wa Kijerumani wa karne ya 18, nilijua nimekutana na ndugu yake gobore, na nikadhani naifahamu. Sikuifahamu. Fataki ukiigonga inawaka. Jiwe lina masharti yake.

Watu wengi hununua bunduki hii kwa kutazama mbao na shaba. Mimi naomba uifuate kwa mpangilio ambao moto wenyewe unaufuata: mtambo, tundu, mtutu. Urembo uje mwisho kama hela imebaki.

Hatua ya 1: Sheria kabla ya duka

Mamlaka ya uwindaji jimboni ni Pennsylvania Game Commission. Mwindaji mpya lazima apite kozi yao ya usalama, kisha akate leseni ya kawaida ya uwindaji pamoja na nyongeza ya bunduki za kushindilia. Kwa msimu huu wa baada ya Krismasi, bunduki iwe ya kale yenyewe au nakala ya muundo wa kabla ya 1800, mtutu mmoja, kaliba (upana wa ndani wa mtutu kwa inchi) .44 au kubwa zaidi. Darubini hairuhusiwi. Soma kijitabu cha kanuni cha mwaka husika, maana tarehe na maeneo hubadilika.

Sheria ya shirikisho Marekani huiweka bunduki ya gumegume kwenye kundi la silaha za kale, ndiyo maana maduka mengi huweza kukutumia hadi nyumbani. Usidhani hiyo ni ruhusa kwa kila mtu. Majimbo yana sheria zake, na kama bado huna uraia au una kesi yoyote nyuma yako, muone mwanasheria kwanza.

Hatua ya 2: Mtambo

Hapa tukae, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Mtambo una nyundo yenye taya mbili zinazobana jiwe la gumegume. Mbele yake limesimama bamba la chuma kigumu, na chini ya bamba kuna kisahani chenye baruti kidogo laini. Ukivuta triga, nyundo inaruka, jiwe linakwangua uso wa bamba kuanzia juu kushuka, bamba linabinuka mbele na kukifunua kisahani, na vile vichembe vya chuma vilivyokwanguliwa vinaanguka ndani vikiwaka. Ona hapo: kinachowaka ni chuma. Jiwe kazi yake ni kukikata. Kwa hiyo jiwe liwe na makali, na bamba liwe na chuma kizuri kilichokazwa kwa moto ipasavyo. Bamba laini linachimbika tu bila kutoa kitu.

Jaribu hivi. Kwanza hakikisha bunduki ni tupu. Usimwamini muuzaji kwa maneno. Tumbukiza mdeki mtutuni mpaka uguse chini, weka alama ya kidole mdomoni, uutoe, kisha uulaze kando ya mtutu kwa nje. Ncha yake ifike usawa wa tundu la moto, lile dogo ubavuni mwa mtutu, au karibu kabisa nalo. Ikiishia sentimita mbili tatu kabla, kuna kitu ndani: huenda ni gololi na baruti iliyolala humo miaka mingi. Iweke chini, mwite fundi.

Ikishathibitika ni tupu, omba chumba chenye giza. Kisahani kiwe kikavu, bila baruti. Vaa miwani. Elekeza mtutu mahali salama, koki nyundo kwa kuivuta nyuma hadi mwisho, vuta triga, na utazame cheche, si nyundo. Cheche njema ni nyeupe au za manjano kali, nyingi, zinaanguka ndani ya kisahani na kuendelea kurukaruka humo kidogo baada ya kutua, kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Cheche mbaya ni nyekundu, chache, zinazimika hewani. Rudia mara kumi. Mtambo mzuri utakupa mvua ya cheche mara zote kumi, au tisa. Ukipata mara sita, toka dukani.

Kabla ya kuulaumu mtambo, tazama jiwe. Nyundo ikiwa nusu mkao, yaani imevutwa nyuma nusu tu, makali ya jiwe yawe karibu sana na bamba, kama milimita moja na nusu, na yagonge sambamba na uso wake bila kuegemea upande. Jiwe livikwe kipande cha ngozi ndani ya taya ili lisiteleze. Mawe meusi ya Brandon, kule Suffolk, Uingereza, yanasifika kwa haki, na ya Ufaransa yenye rangi ya asali ni mazuri vilevile. Mawe yaliyokatwa kwa msumeno huuzwa pamoja na bunduki nyingi za bei nafuu, na mimi huyatoa siku hiyohiyo.

Nieleze kwa nini nasisitiza. Bunduki yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya mbao. Ilikuwa ya mti wa mepo yenye mawimbi ya rangi ya kahawia, na ubavuni mwa kitako ilikuwa na kisanduku cha shaba kilichong'aa kama sinia la harusi. Mtambo niliujaribu mara mbili, cheche zikatoka, nikalipa. Wiki ya pili ya Januari kulungu jike alisimama hatua arobaini kutoka kwangu, ubavu wazi, akitafuna. Nikavuta. Klak. Nikakoki tena. Klak. Akainua kichwa, akanitazama, mkia mweupe ukasimama, akaondoka kwa mwendo wa taratibu. Baadaye fundi alipitisha tupa kwenye bamba, ikauma chuma kama inavyouma msumari. Kwenye bamba zuri tupa huteleza. Fundi alilikaza upya, lakini jike lile sikuliona tena.

Ukiagiza bunduki au ukiijenga, uliza ni mtambo wa nani. Mitambo ya muundo wa Siler, ya L&R na ya Jim Chambers ina jina kwa sababu inawaka.

Hatua ya 3: Tundu la moto

Moto wa kisahani huingia mtutuni kupitia tundu dogo ubavuni. Funga bamba, chungulia: tundu likae usawa wa ukingo wa juu wa kisahani, katikati ya upana wake. Likiwa chini sana, baruti ya kisahani italiziba, na moto utalazimika kuila punje kwa punje kama utambi kabla haujafika ndani. Utasikia "fshshsh" halafu ndipo mlipuko, na katika huo muda mkono wako utakuwa umeshatikisika. Likiwa mahali pake, milio miwili husikika kama mmoja.

Upana wa milimita 1.6 hivi unatosha. Tundu lenye skrubu ya ndani iliyochimbwa kama faneli huwaka haraka zaidi, na skrubu hiyo hubadilishwa ikiliwa na moto. Kwa mwindaji, ninaipendelea hiyo kuliko tundu lililotobolewa moja kwa moja kwenye chuma cha mtutu.

Hatua ya 4: Ijaribu ukiwa na koti la Januari

Nenda dukani na koti utakalowindia. Wengi hujaribu bunduki wakiwa na fulana mwezi wa Julai, halafu Januari kitako kinanasa kwapani. Fumba macho, inyanyue bunduki begani, fumbua. Kama jicho limeangukia lenyewe kwenye vilengeo, imekufaa. Kama umelazimika kunyoosha au kukunja shingo, si yako, hata kama bei ni nzuri.

Tazama pia kitako. Nakala nyingi zina kitako chenye ncha kali iliyopinda kama mwezi mchanga. Hicho hukaa juu ya mkono, pale bega linapoishia. Ukikiweka katikati ya bega kama ulivyozoea, pembe zake zitakuumiza. Kitako bapa na kipana ni rahisi kwa anayeanza.

Kama wewe ni wa shoto, tafuta mtambo wa kushoto. Wa kulia utakuwakia mbele ya pua. Na awe wa kulia au wa shoto, miwani ni lazima kila risasi.

Hatua ya 5: Mtutu

Kaliba kwanza. .45 inakubalika kisheria, lakini gololi yake ina uzito wa gramu 8 tu na kidogo. Ya .50 hufika gramu 11.5, na ya .54 hufika gramu 14.5. Gololi haina mwendo wa risasi ya kisasa. Hutegemea uzito na jeraha pana. Ushauri wangu ni .50, kwa sababu gololi na vitambaa vyake vinapatikana kila mahali. Kama una mwili mkubwa na unapenda kishindo, chukua .54, hutajuta.

Kisha mifereji ya ndani, ile inayoizungusha gololi. Uliza gololi inazunguka mara moja kila inchi ngapi. Gololi ya duara iliyofungwa kitambaa hupenda mzunguko wa polepole: mara moja kwa inchi 60 hadi 70. Ukikuta 48, ni maelewano kati ya gololi na risasi ndefu, na bado inapiga vizuri kwa baruti ya wastani. Ukikuta 28, mtutu huo umetengenezwa kwa risasi ndefu. Usiununue kwa gololi.

Urefu ni suala la msitu wako. Mitutu mingi ya zamani ilifika inchi 42 au kuzidi, na ukiwa umeegemea mti ukisubiri, urefu huo unatuliza mkono ajabu. Ukiwa unawafukuza kulungu na wenzako kwenye vichaka vya mlimani, inchi 33 itakupunguzia ugomvi na matawi. Mtutu mnene sawasawa mwanzo hadi mwisho huchosha mikono. Mtutu wenye kiuno, ulio mnene nyuma, mwembamba kuelekea mbele na kutanuka tena kidogo mdomoni, unaelea mkononi. Ni ghali zaidi. Ukiushika hutauliza kwa nini.

Hatua ya 6: Triga na vilengeo

Triga mbili, ya nyuma ya kuitega ile ya mbele, na ya mbele ya kufyatulia, ni nzuri ukiwa na glavu nyepesi na muda wa kutulia. Moja laini inatosha. Kilengeo cha mbele kiwe kinene cha kuonekana alfajiri msituni; vile vyembamba vya kihistoria hupotea kwenye manyoya ya kulungu.

Hatua ya 7: Mpya, ya kujijengea, au ya mkono wa pili

Kwa bajeti ndogo, Traditions wana modeli ya Pennsylvania Rifle ya .50 yenye mzunguko wa mara moja kwa inchi 66, na Pedersoli wa Italia wana kazi safi kwa bei ya juu zaidi. Ukiwa na subira na patasi, vifurushi vya Jim Kibler wa Ohio huja vikiwa vimechongwa kwa mashine kiasi kwamba mtu makini anaweza kuvikamilisha mezani kwake. Mimi bunduki yangu ya pili niliijenga hivyo majira ya joto mawili, na hiyo ndiyo nakwenda nayo mpaka sasa.

Ya mkono wa pili ina hatari moja kubwa: kutu. Mabaki ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na bunduki iliyowekwa bila kuoshwa kwa maji na kupakwa mafuta huoza kwa ndani. Dondosha taa ndogo mtutuni, kisha pitisha kitambaa kikavu kinachobana. Kiende kwa mvuto uleule mwanzo hadi mwisho. Kikikwama sehemu moja, hapo kuna shimo la kutu. Angalia pia mbao nyuma ya mtambo na shingoni mwa kitako, nyufa huanzia hapo.

Hatua ya 8: Risasi ishirini kabla muda wa kurudisha haujaisha

Usingoje Desemba. Nenda uwanja wa shabaha na baruti nyeusi halisi: 3F mtutuni, 4F, ambayo punje zake ni laini zaidi, kisahanini. Baruti mbadala zinahitaji joto kubwa zaidi, na cheche za jiwe haziziwashi kwa uhakika. Kwa .50 mimi huanza na greni 60 (greni ni kipimo cha baruti) na kupanda taratibu nikitazama kundi la matundu, bila kuvuka kiwango cha mtengenezaji. Pima kwa kikombe cha kipimo, kamwe usimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia baruti. Kaa moja lililobaki mtutuni linatosha kuilipua pembe mkononi mwako. Gololi ya kwanza ikikaa sawasawa juu ya baruti, chora alama kwenye mdeki. Kuanzia hapo kila gololi lazima ifike kwenye alama hiyo, kwa sababu nafasi tupu kati ya baruti na gololi inaweza kupasua mtutu.

Piga ishirini. Andika zilizowaka mara moja, zilizochelewa, na zilizogoma. Ya kugoma usiinyanyue haraka: iache imeelekea shabahani dakika nzima, kisha safisha tundu kwa sindano na uweke baruti mpya kisahanini. Piga za mita 25 kwanza, halafu 50. Umbali ambao gololi tano mfululizo zinaingia kwenye sahani ya chai ndio mpaka wako porini. Wangu ni mita 60.

Zikigoma tatu au zaidi na jiwe ni jipya, irudishe, na mpelekee muuzaji karatasi yako ya hesabu.