Safari ya kwanza ukweni, nchi ya mwenzako
Anza na pasipoti: nchi nyingi hutaka iwe na miezi 6 zaidi kabla ya kuisha muda. Jina kwenye tiketi lilingane nayo herufi kwa herufi. Waliobadili jina baada ya ndoa hukwama hapa, kwa hiyo beba nakala ya cheti cha ndoa.

Mwenzako akuandikie majina ya wakwe, nani ni nani, na salamu ya kila mmoja. Zikariri kwa sauti. Ukimpa mzee salamu ya rika lako, umeshaharibu. Zawadi ziwe nyepesi, na mbili za akiba, maana jamaa usiyemtarajia hakosekani. Siku 2 za mwanzo msipange matembezi. Kubalianeni pia ishara ya "nimechoka", la sivyo mtakesha sebuleni.