Taa nne, TV moja na matuta ya mchicha: jinsi ya kufunga sola mwenyewe

Simu ninazopigiwa mara nyingi huanza hivi: "Fundi, vitu ninavyo tayari, bado kufunga tu." Nikifika nakuta paneli kubwa, betri ya gari ya N70 na kontrola (kile kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri) ya bei ya soda, na mwenye nyumba anataka viwashe friji. Hapo kazi yangu ya kwanza inakuwa kutoa pole, ya pili kufunga.

Mradi ninaoueleza hapa ni mdogo na unawezekana kwa mtu yeyote anayejua kushika bisibisi: mfumo wa volti 12 wa taa nne, TV ndogo, king'amuzi na simu, halafu pampu ya bustani inayojitegemea. Ndio nilio nao kwangu Kigamboni. Niliufunga wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023. Mgao ukaisha, nao nimeuacha palepale, maana nguzo ya mtaani kwetu haihitaji mgao ili izime. Upepo ukivuma kidogo, giza.

Hatua ya 1: Hesabu ianzie kwenye taa

Chukua karatasi uandike kila kitu utakachowasha, wati zake na saa kitakazowaka. Kwangu ilikuwa hivi: taa 4 za LED za wati 5 kwa saa 5, wati-saa 100. TV ya inchi 24 inayotumia volti 12, wati 25 kwa saa 4, nyingine 100. King'amuzi wati 10 kwa saa 4, 40. Simu tatu, tuseme 45. Jumla 285 kwa siku.

Sasa rudi kwenye paneli. Dar jua si haba, lakini saa za mwanga sio saa za chaji. Kwa siku nzuri mimi nahesabu saa 4 na nusu za jua kamili, yaani kali kama la adhuhuri, halafu naondoa robo nzima ya kile kinachopatikana kwa ajili ya joto, vumbi, waya na betri yenyewe. Paneli ya wati 100 itakupa kama 337. Inatosha, sivyo? Inatosha mwezi wa nane. Masika ikikaza, siku ina saa 2 za jua kamili ukibahatika, na paneli hiyohiyo inatoa 150. Ndiyo maana nilichukua ya wati 150: kiangazi inajaza betri mapema, na masika TV inalala mapema lakini taa haziingii gizani.

Betri: ya jeli, volti 12, ampea-saa 100. Ndani yake kuna wati-saa 1,200, ila jeli nayo ni betri ya risasi, na ukiizoesha kushuka chini ya nusu unaiua. Kwa hiyo zako ni 600, yaani siku mbili bila jua la maana. Ya lithiamu ya ampea-saa 50 inafanya karibu kazi ileile kwa sababu inakubali kushuka hadi 20 kwa mia bila kuumia, na inadumu zaidi. Mwenye uwezo achukue hiyo. Betri ya gari iache kwenye gari. Imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kunyonywa polepole usiku kucha.

Hatua ya 2: Nenda Kariakoo na futi na mita

Futi ya kupimia kwa sababu lebo ya paneli inaweza kudanganya, upana wake hauwezi. Jua kali la mchana hutupa takriban wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba, na paneli nzuri hunasa sehemu moja ya tano au zaidi kidogo. Kwa hiyo mita moja ya mraba ni wati 200 na ushee. Paneli ya wati 150 lazima ikaribie robo tatu ya mita ya mraba. Ukionyeshwa kipaneli cha nusu mita ya mraba kimeandikwa wati 200, mshukuru muuzaji upite duka la pili.

Mita, ile ya kupimia volti na ampea, kwa sababu ya kilichomo ndani. Omba paneli itolewe nje kwenye jua, kati ya saa tano na saa nane mchana. Pima volti bila kuunganisha kitu: paneli ya mfumo wa volti 12 isome kama 21 au 22. Volti peke yake haitoshi, maana hata paneli mbovu husoma volti nzuri. Hamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, weka swichi kwenye ampea za umeme wa betri, gusisha chanya na hasi za paneli kwa sekunde moja au mbili. Ya wati 150 itoe 8 hadi 9 jua likiwa wazi. Ikitoa 4, hiyo ni ya wati 70 iliyovaa kanzu ya kaka yake.

Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti hapohapo. Mimi niliwahi kusahau, nikaenda kupima betri. Ncha za mita ziliyeyuka mkononi.

Kontrola ya ampea 20 inatosha. Kuna za PWM na za MPPT, na hapa watu wengi hupoteza pesa. Ya PWM ni nafuu, na kwa paneli ya volti 12 haina ubaya. Shida ni pale mtu anaponunua paneli kubwa ya mtumba, wati 250, inayofanyia kazi kwenye volti 30, akaifunga kwa PWM kwenye betri ya volti 12. PWM haibadilishi volti, inaziburuta zishuke hadi usawa wa betri. Ampea 8 mara volti 13 ni wati 104. Zaidi ya nusu ya paneli umenunua pambo la bati. Paneli ya aina hiyo inataka MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea.

Hatua ya 3: Tafuta kivuli kabla ya kutafuta jua

Vyumba vidogo unavyoviona kwenye paneli vimeungwa kwa mnyororo. Kimoja kikifunikwa, hata na jani la mwembe, kinabana mnyororo mzima, na paneli inaweza kupoteza nusu ya umeme wake au zaidi. Simama uani saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, uangalie vivuli vya miti, tenki na nyumba ya jirani. Kwangu mkosaji alikuwa dishi. Asubuhi halina neno, ikifika saa nane na nusu kivuli chake kinatambaa hadi kwenye kona ya paneli na ampea zinaporomoka. Nilihangaika na kontrola wiki nzima kabla sijapanda kuangalia.

Paneli ielekee kaskazini. Sisi tuko kusini ya ikweta, nyuzi 7 hivi, kwa hiyo jua la mchana mwezi wa sita linaegemea kaskazini. Mwezi wa kumi na mbili huegemea kusini, lakini kidogo. Kama simu yako haina dira, simama asubuhi jua linapochomoza likiwa mkono wako wa kulia: mbele ya pua yako ndiko kaskazini. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha. Huna haja ya kipimo cha nyuzi; kwa paneli yenye urefu wa mita moja, inua ukingo wa kusini sentimita 20. Usiilaze kabisa hata ukisikia kwamba huku jua linapita utosini. Paneli iliyolala hukusanya vumbi na mavi ya kunguru, na Dar tunawajua kunguru wetu. Ikiinama, mvua inaiosha.

Hatua ya 4: Juu ya bati

Funga vyuma vya kushikilia kwenye kenchi, si kwenye bati tupu. Kusi ikivuma bati litaondoka na paneli. Kila tundu la skrubu lizibwe kwa silikoni na mpira wake. Acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati ya paneli na bati ili upepo upite. Watu hudhani joto ndilo linaloleta umeme, kumbe mwanga. Joto linaupunguza: kila nyuzi moja juu ya 25 hula kama 0.4 kwa mia. Paneli iliyobandikwa juu ya bati mchana hufika nyuzi 60, na hapo wati 20 za paneli yako zimeyeyuka.

Sisi wa karibu na bahari, Kigamboni, Mbezi Beach, Kunduchi, tuna adui mwingine: chumvi ya upepo. Tumia bolti za stenlesi. Za kawaida zitakuwa unga wa kutu kabla betri haijachoka.

Hatua ya 5: Mpangilio wa kuunganisha

Hapa usiwe na haraka. Betri kwanza, paneli ya pili, taa mwisho. Kontrola inahitaji kuiona betri ili ijue inafanya kazi kwenye volti ngapi. Ukiipa paneli kwanza, volti 22 zinaingia bila mahali pa kwenda, na baadhi ya kontrola hufa palepale. Wakati wa kufungua unarudi kinyumenyume: taa, paneli, betri mwisho. Unapounganisha paneli, ifunike kwa kanga au turubai. Paneli haina swichi. Likiwepo jua, ina umeme.

Kisha ingia kwenye mpangilio wa kontrola uchague aina ya betri. Ya jeli hutaka kuishia kama volti 14.1 au 14.2; ukiiacha kwenye mpangilio wa betri za maji inachemshwa kila siku bila wewe kujua.

Kwenye waya chanya wa betri weka fyuzi ya ampea 15, isiwe mbali zaidi ya kiganja kutoka kwenye betri yenyewe. Betri ya ampea-saa 100 ikigusana chanya na hasi inafanya kazi ya mashine ya kuchomelea. Na breka za ukutani za umeme wa kawaida usizitumie upande huu. Umeme wa TANESCO hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche inapata nafasi ya kuzimika. Wa sola hausimami, cheche inaendelea hadi plastiki ishike moto. Dai breka iliyoandikwa DC, yaani ya umeme wa betri na sola.

Betri iwe mahali penye ubaridi na hewa. Dari ndipo pabaya kuliko pote. Kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha ya betri ya risasi karibu nusu, na dari la Dar mwezi wa pili unalijua.

Kama baadaye utaongeza invata, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO, isichomekwe kwenye soketi ya ukutani ili "ilishe nyumba". Umeme utarudi hadi kwenye nguzo, na kule kuna mtu anatengeneza akiamini laini imezimwa. Hiyo inahitaji chenji ova, swichi ya kuchagua TANESCO au invata, kamwe si vyote kwa pamoja, na fundi mwenye leseni ya EWURA, si kishoka.

Hatua ya 6: Bustani, na kwa nini pampu haina betri

Mara ya kwanza pampu niliifunga kwenye betri ya ndani. Kisima kiko mita 25 kutoka nyumbani, nikavuta waya wa milimita za mraba 1.5 uliobaki kwenye kazi ya mtu. Pampu ya ampea 5 ikawa inakohoa tu. Nikapima kule kisimani: volti 9 na nusu. Tatu zilipotea njiani, kwenye waya. Kwa volti 12 waya mwembamba ni wizi, na kwa umbali ule hata wa 4 ungekula volti 1 na kitu.

Mama watoto ndiye aliyeuliza swali la maana: "Kwani mchicha unamwagiliwa usiku?" Haumwagiliwi. Basi betri ya nini? Nikaweka paneli ya pili, wati 100, palepale kisimani, na pampu inapeleka maji kwenye tenki la lita 1,000 lililo juu ya mnara wa matofali. Jua likitoka inafanya kazi, likizama inanyamaza. Tenki ndiyo betri, na haifi baada ya miaka mitatu.

Kupandisha lita 1,000 mita 8 kunahitaji wati-saa 22 tu kwa hesabu ya vitabuni. Pampu ndogo hupoteza mbili ya tatu ya umeme wake, kwa hiyo weka 70. Pampu ya wati 60 inajaza tenki kwa saa moja na kitu. Hakikisha tu lebo inasema inakubali volti za paneli moja kwa moja. Kama inataka 12 kamili, weka kontrola ya pampu katikati. Na funga boya la kuizima tenki likijaa, na jingine kisimani, maana pampu ikizunguka bila maji haimalizi wiki.

Mnara uwe mita 1 na nusu au 2, ili maji yasukume mipira ya matone hadi tuta la mwisho. Fungua koki saa kumi na mbili asubuhi au jioni, mchanga wetu hunywa haraka jua likiwa kali. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi. Mchicha wangu umeyavumilia, nyanya zilikataa. Chumvi hiyo na mchanga ndivyo vinavyoziba chujio la pampu, kwa hiyo kila Jumamosi huwa naivuta juu kwa kamba yake, kamwe si kwa waya, nalisafisha chujio kwa mswaki wa zamani na kuirudisha kabla ya saa tatu.