Namna ya kujua kaboni ni sp³, sp² au sp bila kukariri

Juzi nilikuwa namsaidia binti wa dada yangu, yuko kidato cha tano, mchepuo wa PCB. Swali lilikuwa la haibridaisheni, yaani namna obitali s na p za kaboni (nafasi zinamokaa elektroni) zinavyochanganywa ili kufunga bondi: s moja na p tatu ni sp³, na p mbili ni sp², na p moja ni sp. Kila kaboni aliyokutana nayo aliipa sp³, eti kwa kuwa kaboni ina bondi nne. Bondi nne ni kweli, ila hizo zipo kwenye methani, zipo kwenye etheni, na hata kwenye kaboni dayoksaidi, kwa hiyo hazikusaidii kutofautisha chochote. Utaratibu niliompa ndio huu. Mfano ni eugenoli, molekuli inayotawala mafuta ya karafuu na kuyapa harufu yake.

Hatua ya 1: Weka pembeni masanduku na mishale

Vitabu vingi huanza na mpangilio wa elektroni za kaboni, 1s² 2s² 2p², uliochorwa kwa masanduku na mishale, elektroni moja ikapandishwa toka 2s hadi 2p, kisha obitali zikachanganywa. Soma mara moja, funga kitabu. Ukiing'ang'ania picha hiyo utaamini kwamba kaboni hukaa peke yake, ikajichanganya, ndipo ikatafuta wenzake. Haiko hivyo. Linus Pauling alipoitoa hoja hii mwaka 1931, umbo lilikuwa tayari linajulikana: methani ina bondi nne zinazolingana, zilizoachana kwa nyuzi 109.5, na kilichotakiwa ni obitali zinazoelekea huko huko bondi ziliko. Haibridaisheni ni hesabu yetu sisi. Umbo hutangulia, jina la haibridi hufuata.

Hatua ya 2: Chora, rudisha haidrojeni zote

Kwa penseli. Programu za simu za kuzungusha molekuli sizipendi kwa anayeanza, zinakuonyesha jibu kabla hujafikiri. Eugenoli ni pete ya benzini yenye –OH, jirani yake –OCH₃, na mkabala na –OH kuna mkia CH₂–CH=CH₂. Fomula ni C₁₀H₁₂O₂, kwa hiyo haidrojeni zisipofika 12 umeacha mahali.

Hatua ya 3: Hesabu majirani, usihesabu mistari

Kila kaboni iulize: umeshikana na atomu ngapi? Ongeza jozi huru ya elektroni (mbili zisizofunga bondi) kama ipo. Ukipata nne ni sp³, tatu ni sp², mbili ni sp. Kila jirani huchukua bondi moja ya sigma (ile ya kwanza, iliyonyooka kati ya atomu mbili), na sigma pamoja na jozi huru ndizo zinazotumia obitali za haibridi. Mistari inayozidi ni bondi za pai, nazo hutumia obitali p ambazo hazikuchanganywa.

Kwenye eugenoli: kaboni sita za pete zina majirani watatu watatu, zote sp². Mbili za mwisho wa mkia, sp². CH₂ iliyo kati ya pete na bondi ya mara mbili ina majirani wanne, sp³, na ya –OCH₃ vilevile. Nane kwa mbili.

Hatua ya 4: Zile zinazokataa

Hapa ndipo saa zinapoliwa, kwa hiyo usiharakishe.

Chaji kwanza. CH₃⁺ ina majirani watatu na haina jozi huru: sp², bapa. CH₃⁻ ina watatu pamoja na jozi huru, jumla nne: sp³, imebonyea kama piramidi. Mpaka hapo kanuni inatosha. Sasa ng'oa protoni moja kwenye asetoni, ibaki CH₂⁻ iliyopakana na C=O. Kwa kuhesabu utapata nne, uandike sp³, na utakosa. Jozi ile haikai pale. Inasambaa kuelekea oksijeni, na ili isambae lazima ikae kwenye obitali p. Kaboni hiyo ni sp². Kwa hiyo kabla ya kuandika jibu, chora miundo yote ya resonansi, yaani michoro tofauti ya molekuli ile ile, ukihamisha elektroni tu bila kugusa atomu, kisha chukua hesabu ndogo kabisa uliyoipata. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoifanya naitrojeni ya amaidi (N iliyopakana na C=O) iwe sp² ingawa ukiitazama juujuu unaona nne.

Pili, aleni, CH₂=C=CH₂. Wengi huona bondi za mara mbili wakazipa zote tatu sp². Ya katikati ina majirani wawili: ni sp, za pembeni ndizo sp². Kisha huja swali gumu zaidi, kwa nini haidrojeni za upande mmoja hazilali bapa moja na za upande wa pili. Chukua kiazi kidogo kiwe kaboni ya katikati. Choma njiti moja wima na nyingine mlalo, zikatane kwa nyuzi 90: hizo ndizo p mbili zilizobaki. Kaboni ya kushoto imefunga pai na njiti ya wima, hivyo haidrojeni zake zinalala mlalo. Ya kulia imefunga na njiti ya mlalo, zake zinasimama. Ongeza kaboni moja zaidi kwenye mnyororo, CH₂=C=C=CH₂, na molekuli inarudi kuwa bapa. Fanya kwa mkono, kuisoma tu haitoshi.

Tatu, saiklopropani. Majirani wanne, andika sp³ kwenye mtihani, lakini jua kwamba pete ina nyuzi 60 na pembe ya H–C–H iko karibu na 115. Haibridi zinazoelekea ndani ya pete zina p nyingi kuliko kawaida, zinazoelekea haidrojeni zina s nyingi.

Hatua ya 5: Kagua kwa vipimo

Urefu wa bondi ya kaboni kwa kaboni: ethani (sp³) pikomita 154, etheni (sp²) 134, ethaini (sp) 120. Sehemu ya s katika haibridi nayo hupanda, asilimia 25, 33, 50, na s inapozidi elektroni hukaa karibu zaidi na kiini. Ndiyo maana pKa (kipimo cha uasidi: ikiwa ndogo, protoni hung'oka kwa urahisi) ya ethaini ni kama 25, ya etheni 44 na ya ethani 50. Amidi ya sodiamu (NaNH₂, besi kali) itaing'oa haidrojeni ya ethaini, lakini ya etheni itaiacha ilivyo.